Matanga ya Walio Hai

Mimi hukodisha mahema na viti pale Ngara, na kazi hii imenifunza kuhesabu kila kitu mara mbili: kikitoka na kikirudi. Viti vya harusi hurudi vimepungua. Viti vya siasa hurudi vimevunjika miguu. Viti vya matanga hurudi vyote, vimepanguswa, na mara nyingine na kimoja cha ziada ambacho si changu. Watu hawaibi matangani. Hilo mimi nililijua kama mfanyabiashara. Mwenyekiti ndiye aliyeligeuza kuwa silaha.

Tulimwita Mwenyekiti kwa sababu kamati za mazishi za mtaa wetu, miaka nenda miaka rudi, zilikuwa na mwenyekiti mmoja tu, na hakuna aliyekumbuka uchaguzi. Mtu akifariki, kabla mwili haujafika mochari, mama huyu alikuwa amekwisha kufika dukani kwangu na mkoba wake wa kahawia, akiulizia bei ya mwaka juzi. Yeye alikuwa mwenyekiti na mimi mwenye viti, na katika hao wawili aliyeamua hakuwa mimi. Aliniita Baba Viti, ingawa watoto wangu wana majina.

Nimebishana bei na wauzaji wa jumla ambao wangeweza kumuuzia samaki maji. Lakini sijaona mwingine anayeshusha bei kwa kukaa tu. Alivuta kiti kimoja, akaketi katikati ya duka, akauweka mkoba magotini, akanyamaza. Wateja waliingia, wakamwona, wakadhani nimefiwa, wakatoka. Mwishowe nilishusha mwenyewe ili nipate duka langu.

Katika matanga yake kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Mgeni hanywi chai kabla ya kujitambulisha. Unasimama, unataja jina lako, unasema unakotoka, kisha unasema mlijuana vipi na huyo aliyewakusanya. Siku moja alikuja mtu wa mwanasiasa fulani na bahasha, akitaka kuitoa haraka aende zake. Mwenyekiti akamsimamisha. Yule bwana akakohoa, akasema yeye na marehemu walisoma pamoja. Marehemu alikuwa ajuza muuza sukuma wiki ambaye hakuwahi kukanyaga darasa. Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimshukuru, akaagiza apewe chai bila mandazi, na hiyo ndiyo iliyokuwa adhabu yake kubwa kuliko zote. Mtaa mzima ulijua maana yake.

Nilimuuliza kwa nini wageni hawakatai tu. Akaniambia, "Baba Viti, mtu aliyelelewa kanisani Kenya hii, ukimwambia asimame ajitambulishe, atasimama. Hata mwizi. Miguu itamwinua kabla kichwa hakijakataa."

Hakuwa mtakatifu, na sitaki mtu anifanye nimpake mafuta. Wakimbizi walipoanza kujaa katika fleti za Ngara, wa Kongo, wa Sudan Kusini, wa Burundi, yeye ndiye aliyelalamika zaidi. Alisema vyakula vyao vinanuka hadi kwenye nguo alizoanika. Alisema wanaimba sana na wanalala kidogo. Alimkatalia mpangaji mmoja asiweke jiko kwenye korido, na alikataa mbele ya watu. Mwezi huohuo alikwenda kwa mwenye nyumba, akakaa ofisini mwake jinsi alivyokaa dukani kwangu, mpaka yule bwana akaondoa ile kodi ya pili aliyokuwa akiwatoza wageni peke yao. Nilipomwambia sielewi yuko upande gani, alisema anaweza kumchukia mtu kwa sababu ya jiko lake bila kutaka alale nje.

Kwa nini alijiingiza? Aliulizwa hilo na kila mtu, hata na mchungaji. Jibu lilikuwa moja, na hakuliongeza chumvi wala kulipunguza: "Nilihamishwa mara moja tu maishani, na mara moja ilitosha." Ukiuliza ni wapi, atakuuliza mandazi yamebaki mangapi.

Kati ya wageni hao alikuwapo fundi wa cherehani kutoka Kongo mashariki. Kibanda chake kilikuwa mkabala na duka langu, ukingoni mwa soko, na sifa yake ilikuwa zipu. Mafundi wengine hukwambia zipu imekufa, ununue nyingine. Huyu aliitibu, akaipandisha na kuishusha, akasema, "Imekubali." Alitucheka jinsi tunavyosema. "Nyinyi watu wa Nairobi," alisema siku moja, "munaongea Kiswahili kama mtu anakimbizwa." Mwenyekiti, aliyekuwa akingoja sketi yake, hakuinua hata macho. "Na wewe uliyekimbizwa ndiye unaongea pole pole." Fundi alicheka mpaka akaondoa mguu kwenye cherehani. Tangu siku hiyo sketi za Mwenyekiti zilishonwa bure, naye tangu siku hiyo akalipa mara mbili, na ugomvi huo haukupata kuisha.

Sasa niseme jinsi matanga yalivyogeuka.

Msusi mmoja wa Burundi alichukuliwa sokoni mchana kweupe, na watu waliovaa kiraia, wakamtia katika gari lisilo na namba. Alikuwa na karatasi zake zote. Tulizunguka vituo vya polisi, na kila kituo kilisema hakimjui. Kamati ya mtaa, ambayo zamani ilikuwa ya takataka na maji, ilikutana katika ukumbi wa nyuma wa kanisa kujadili haki za wageni wetu. Vijana walitaka maandamano. Barua ya kuarifu polisi ilipelekwa, ikajibiwa kwamba siku hiyo haifai, wala ile nyingine. Ndipo Mwenyekiti akasimama.

"Maandamano hutawanywa," alisema. "Nani aliwahi kuona askari akitawanya matanga?"

Asubuhi iliyofuata nilisimamisha hema nje ya ua wa kituo cha polisi. Sufuria zikawekwa motoni, akina mama wakafunga leso, nyimbo zikaanza. Mbele kabisa Mwenyekiti aliweka kiti kimoja, akakifunika leso, akakataza mtu yeyote asikikalie. Mkuu wa kituo akatoka kwa hasira, lakini alipofika ukingoni mwa hema nilimwona akivua kofia. Mkono uliivua wenyewe. Akauliza nani amefariki.

"Hatujui bado," Mwenyekiti alimjibu. "Ndiyo maana tumekuja hapa. Lakini wewe mgeni, hujajitambulisha."

Akajitambulisha. Jina, kwao, na kwamba yule msusi hamjui kabisa, lakini ataulizia. Juma halijaisha, msusi alishushwa kando ya barabara, amekonda, bila viatu, hataki kusema alikokuwa. Alipoletwa hemani hakukikalia kile kiti. Alikizunguka kama mtu anavyozunguka shimo.

Kuanzia hapo tukawa na desturi mpya, na desturi ile iliniogopesha tangu mwanzo. Wazee wa kanisa walimwambia wazi kwamba kumlilia aliye hai ni kuyaonyesha mauti njia ya nyumba. Watu walidhani atawabishia. Hakubisha, kwa sababu na yeye aliamini hivyohivyo. Ndiyo sababu alikataza udongo, akakataza maua, akakataza picha yenye utepe mweusi, na kuna wimbo mmoja wa kaburini ambao mtu akiuanza alimkatiza kwa mwiko. Kila hema liliposhushwa, alinawa mikono kwa maji ya moto na chumvi. "Mauti yana masikio," aliniambia akijifuta. "Lakini na serikali pia inayo. Inabidi nichague nimpigie nani kelele."

Alifanya na mambo madogo. Kule Spring Valley kuna ofisi moja ambako wageni hufuatilia karatasi zao, nao walikuwa wakisimama kwenye foleni langoni tangu alfajiri, wajawazito kwa wazee. Kila Jumatatu alinichukulia viti, tukavipanga kando ya ua wa michongoma, watu wakaketi. Askari wa kanju, wale wa jiji, walikuja kusema hapo hapauzwi vitu. "Hatuuzi," alisema. "Tunakaa." Walitafuta kosa la kukaa, wakalikosa, na mmoja wao akaishia kuketi pia. Watu wa majumba ya karibu walituma mfanyakazi aje aulize kuna msiba gani. Mwenyekiti alimwambia arudi akaseme ni msiba wa kusimama.

Binti yake ameolewa Kitisuru, katika nyumba ambayo geti lake peke yake ni kubwa kuliko duka langu. Mkwe anafanya kazi na wakubwa. Jumapili moja Mwenyekiti aliitwa chakula huko, akarudi jioni na bakuli mkononi. Nikamuuliza habari za watoto. "Wazima. Mkwe amenipa kuku na onyo," alisema. "Kuku nimekula." Alitembea hatua chache, kisha akageuka, akaniuliza kama nimeona gari la kijivu limeegeshwa mbele ya fleti yake wiki hiyo. Nilikuwa nimeliona. Nilikuwa nimeliona mara mbili.

Kisha wakamchukua Fundi.

Alikuwa amekubali jambo ambalo wengine walilikataa. Kamati ilikuwa imepeleka kesi kortini kuhusu watu wanaochukuliwa, na ilihitaji mtu wa kusimama mbele ya jaji aseme alichokiona. Fundi aliona kutoka kibandani kwake msusi akitiwa garini. Alisema atasema. Mvua za masika zilikuwa zinanyesha siku aliyotoweka. Nilifungua duka nikakuta kibanda kiko wazi, kitambaa bado kimebanwa chini ya sindano, na mvua inaingia.

Matanga ya Fundi yalikuwa marefu. Tulihamisha hema kutoka kituo hadi kituo, na kila mkuu wa kituo alikuwa ameshajifunza. Hawakutoka nje. Hawakuvua kofia. Walituma mtu dirishani kutupiga picha. Masika yakaisha, baridi ikaingia, na waliokuja wakaanza kupungua. Mama mmoja alisema mume wake amepigiwa simu kazini. Mwingine hakusema kitu, alirudisha tu sufuria ya kamati na kufunga mlango. Kesi iliahirishwa, ikawekwa mwishoni mwa Julai, na wakili wetu akasema bila Fundi haitasimama.

Mzee mmoja kutoka magharibi, mtu mwema, ndiye aliyesema walichokuwa wakikifikiria wengi. Kwao mtu akipotea kabisa huzikwa shina la mgomba mahali pake, watu wakanyoa, wakanawa, matanga yakaisha na walio hai wakapumua. Alisema anajua mahali pa kupata mgomba mzuri. Alisema kwa upole sana.

Mwenyekiti alikitazama kile kiti chenye leso. "Mgomba haujui cherehani," alisema, na hakuna aliyelirudia jambo hilo. Lakini nilipokusanya viti siku hiyo niliona mikono yake ndani ya beseni la chumvi, na haikutoka upesi.

Jumatatu moja ya Julai, asubuhi, waliingia dukani kwangu wanaume wawili. Mmoja alibaki mlangoni akitazama barabara. Mwingine, kijana mnene kiasi, alikuwa amevaa koti zuri ambalo zipu yake ilikuwa imeachia, naye alilibana kifuani kwa mkono mmoja kwa sababu ya baridi. Alitaka hema la Jumamosi, na viti vya mtaa mzima. Nilimtajia bei ya kuanzia, ile ambayo hakuna mtu mwenye akili huilipa. Akasema sawa.

Mtu asiyepunguza bei hanunui. Huyo amekuja kwa jambo lingine. Nikamuuliza msiba ni wa nani.

"Wa yule shosho wa matanga."

"Mwenyekiti amefariki?"

"Bado," alisema.

Akatoa noti za arbuni, akaziweka juu ya kiti. Nilimrudishia, nikasema hema la Jumamosi limeshachukuliwa. Alizipokea bila kuzitazama, akaniuliza watoto wangu wanasoma shule gani, hakungoja jibu, wakatoka. Gari lilikuwa la kijivu.

Nilifunga duka saa tatu asubuhi, jambo ambalo sikulifanya hata nilipofiwa na mama. Nilimkuta Mwenyekiti Spring Valley kando ya ua wa michongoma, ameketi kwenye kiti changu, mkoba magotini, foleni imeketi nyuma yake. Nilimweleza kila neno. Alisikiliza akitazama geti.

"Uliwatajia bei gani?"

Nikamwambia.

"Na wakakubali?"

"Mara moja."

Hapo ndipo nilipouona uso wake ukibadilika. Alikuwa amenijua miaka mingi, na alizijua bei zangu. Kwa muda mrefu alipapasa kifungo cha mkoba. Nilimwambia aende Kitisuru kwa binti yake, nyuma ya lile geti, angalau mpaka kesi ipite. Nilimwambia hata Fundi angesema hivyo.

"Nikienda Kitisuru, Fundi atabaki na nani wa kumkalia?" aliuliza. Kisha akasimama, akajipangusa sketi, ile ya zipu ya Fundi. "Walisema Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Basi Jumamosi. Hema nakodi mimi. Na Baba Viti, kwa bei ya mwaka juzi."

Matanga ya Mwenyekiti yalifanyika Ngara, mbele ya kile kibanda kilichofungwa, naye mwenyewe akahudhuria. Habari zilienea kuliko tangazo lolote: yule mama anajililia. Waliokuwa wamefunga milango waliifungua, wengine kwa huruma, wengine kwa kutaka kuona. Mama aliyerudisha sufuria aliichukua tena. Binti wa Kitisuru alikuja akilia kwelikweli, akaketi chini kwenye mkeka na viatu vyake vya gharama. Msusi alichukua sufuria ya chai. Wageni wa Kongo na wa Sudan walikaa katikati ya wenyeji, na ilibidi nilete viti zaidi. Mbele kulikuwa na viti viwili. Kimoja cha leso, kitupu. Cha pili alikikalia yeye, wima, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari.

Kila aliyekuja aliuliza nani amefariki, na akina mama walijibu, "Bado," kwa sababu Mwenyekiti alikuwa amewafundisha kulisema. Lilizunguka hema zima, hilo neno, kutoka mdomo hadi mdomo. Mimi sikuweza kulisema.

Saa kumi na moja jioni gari la kijivu lilikuja, likasimama ng'ambo ya barabara, likaacha injini ikinguruma. Nyimbo zilififia safu kwa safu. Alishuka yule kijana, peke yake, akavuka polepole mpaka ukingoni mwa hema, akasimama kama mtu anayejikinga mvua. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, akamsogezea kiti. Naye, kwa mazoea tu, akaketi. Msusi alipita na chai, akamruka.

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa, na ndipo nilipoliona koti. Lilikuwa limefungwa zipu mpaka kidevuni.

"Kuna mgeni nyuma," Mwenyekiti alisema, bila kupaza sauti, "hajajitambulisha."

Vichwa vyote viligeuka. Kijana alitazama gari, akatazama watu. Kisha miguu ikamwinua. Niliiona ikimwinua, na mikono ikakutana mbele yake kama ya mtoto wa shule ya Jumapili. Alitaja jina moja tu, jina ambalo ukiliita Ngara nusu ya barabara itageuka. Alisema anatoka hapa hapa mjini.

"Karibu, mwanangu. Na waliotukusanya ni wawili, mimi na Fundi wetu," alisema, mkono wake ukiwa juu ya leso. "Tulijuana vipi?"

Angeweza kuketi. Angeweza kusema hamjui yeyote, kama mkuu wa kituo. Lakini mama zaidi ya mia walikuwa wakimtazama kwa adabu, wakingoja, na mtu akingojwa hivyo husema kitu cha kweli ili amalize.

"Wewe shosho sikujui sana," alisema. Mkono wake ulipanda kifuani. "Huyu fundi... alinirekebishia hii koti. Zipu."

"Ni kazi yake hiyo. Lini?"

Aliuliza jinsi anavyouliza bei.

"Juzi," kijana alisema.

Kifuniko cha sufuria kilikuwa kikicheza juu ya moto, na ng'ambo ya barabara gari lilipiga honi, mara moja, kisha mara ya pili ndefu. Wakili wetu, aliyekuwa safu ya tatu, aliweka kikombe chini taratibu sana. Kijana alikuwa bado amesimama. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe, na rangi ilikuwa ikimtoka usoni kuanzia juu.

Mwenyekiti hakulia wala hakumpigia kelele. Aliinyoosha leso ya kile kiti kitupu, akaitoa kunyanzi moja.

"Asante, mwanangu. Keti," alisema. "Mpeni chai." Akanitazama mimi, halafu akamtazama msusi. "Na mandazi."